Duka Ndani ya Simu

Mitandao ya kijamii imekuwa duka la kwanza la wafanyabiashara wadogo wengi wa Afrika Mashariki, na kwa baadhi yao ndilo duka pekee. Muuza madera wa Kariakoo na mwoka keki wa Mbezi jijini Dar es Salaam, pamoja na muuza viatu vya mtumba wa Gikomba jijini Nairobi hufanya kazi kwa namna inayofanana. Bidhaa huonyeshwa Instagram au TikTok, mapatano hufanyika WhatsApp, malipo huingia kwa simu, na mzigo huondoka na bodaboda.

Utaratibu huu haukubuniwa na kampuni yoyote. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. WhatsApp ilianza 2009 na Instagram 2010. Kwa hiyo njia ya kulipana ilikuwepo kabla ya duka lenyewe, na simu za bei nafuu zilipoenea, wauzaji waliviunganisha vitu hivyo wenyewe. Jumia, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, lakini akina dada wa Instagram waliendelea kuuza. Mnunuzi wa huku anapenda kuuliza kama rangi haichuji, kuomba apunguziwe, na kujua anaongea na nani. Kitufe cha “nunua” hakimjibu maswali hayo.

Kila mtandao una kazi yake, na muuzaji anayeposti kitu kilekile kila mahali hujichosha bure. TikTok na video fupi za Instagram zinafaa kwa kuonekana na wageni, kwa sababu mitambo ya mitandao hiyo hupeleka video hata kwa watu wasioifuata akaunti hiyo. Facebook ina nguvu kwenye makundi ya mitaa, mikoa na fani, hasa kwa samani, vifaa vya ujenzi, kuku na mazao. WhatsApp haileti wageni wengi, lakini ndiko biashara inakokamilika na mteja anakotunzwa.

Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, hupakuliwa bure na ina mambo matatu ya maana: katalogi ya bidhaa na bei zake, majibu yaliyoandaliwa kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kutenga waliolipa na wanaosubiri. Kiungo kinachoanza na wa.me humfikisha mteja kwenye mazungumzo moja kwa moja akibonyeza, bila kunakili namba. Namba katika kiungo hicho huandikwa kwa 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha. Wanaoandika 07 hupoteza wateja bila kujua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalijui. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hupokea watu hadi 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya muuzaji kwenye simu yake. Ndiyo maana mwenye uzoefu haachi kumwambia mteja mpya, “Naomba uisevu namba hii.” Orodha hiyo ni bora kuliko kumwingiza mtu kwenye kundi bila kumuuliza, ambako namba yake huonwa na watu asiowajua.

Kuhusu picha, ukweli ni mfupi: kamera ya gharama haihitajiki. Mwanga wa mlangoni asubuhi unatosha, ukuta usio na vurugu nyuma, na kitambaa kivutwe mbele ya kamera ili unene wake uonekane. Saizi iandikwe kwa vipimo, kwani “free size” ya mtu mmoja ni kero kwa mwingine. Picha zilizonakiliwa kutoka maduka ya China huvutia kwa siku chache, kisha mzigo unapofika tofauti na picha, malalamiko hujaa chini ya kila posti.

Suala la bei ndilo linaloleta ubishi zaidi. Wauzaji wengi huandika “bei DM”, yaani iulizwe kwa ujumbe wa faragha, na kuificha. Sababu zao zinaeleweka: hawataki washindani waione, na wanaamini mteja akishaingia kwenye mazungumzo ni rahisi kumshawishi. Lakini mnunuzi hulisoma jambo hilo kwa namna yake. Hudhani kitu ni ghali, au kwamba muuzaji atapanga bei baada ya kuchungulia picha za mnunuzi. Wengi hupita bila kuuliza. Kwa bidhaa yenye bei moja, kuificha ni kosa la kibiashara. Kwa keki au nguo za kushona, ambazo bei hutegemea ukubwa na kazi, kuandika “kuanzia shilingi 45,000” kunatosha kumwambia mtu kama fungu lake linafika.

Baada ya bei huja hofu ya kutapeliwa, na hofu hiyo ina haki yake. Mtu wa Mwanza anayetuma pesa Dar es Salaam kwa ajili ya mzigo ambao hajaushika anahitaji ushahidi. Jina linalotokea anapolipa kwa lipa namba lifanane na jina la akaunti. Video ya mzigo wenyewe ukifungwa, pamoja na picha ya risiti ya basi ulimopakiwa, huondoa maswali mengi kuliko kiapo. Ndani ya jiji, kuruhusu mteja alipe anapopokea humpa imani mnunuzi wa mara ya kwanza, ingawa muuzaji anapaswa kuomba angalau nauli ya bodaboda itangulizwe, maana wapo wanaozima simu bodaboda akiwa mlangoni.

Maneno ya wateja walioridhika yana nguvu, ila yasiwekwe hadharani bila ruhusa. Jina, picha na namba vifichwe. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022.

Matangazo ya kulipia yana faida, mradi yahesabiwe. Busara ni kulipia posti iliyokwisha kufanya vizuri bila malipo, na kuchagua mji ambao mzigo unaweza kufika. Idadi ya laiki haina maana hapa. Tuseme tangazo limegharimu shilingi 20,000 na limeleta wanunuzi wanne: kila mmoja amegharimu 5,000. Kama faida ya dera moja ni 4,000, tangazo hilo limekula hasara, isipokuwa wanunuzi hao warudi tena. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa kumlipa mtu maarufu atangaze bidhaa. Wafuasi laki tano walioko nchi nyingine hawamsaidii muuza chapati wa Tabata.

Udhaifu mkubwa wa duka hili ni kwamba mwenye nyumba ni mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, kuelekea uchaguzi, na kufuli hilo halikuondolewa uchaguzi ulipokwisha. Tanzania nayo iliufunga mtandao wa X Mei 2025. Wizi wa akaunti ni hatari ya karibu zaidi: tapeli hujifanya mhudumu wa mtandao, akaomba tarakimu sita zilizotumwa kwa ujumbe, na akishapewa, akaunti imekuwa yake. Tarakimu hizo hazipewi mtu yeyote, na uthibitisho wa hatua mbili unapaswa kuwashwa siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo kila mteja aandikwe nje ya mtandao: jina, namba, saizi, alichonunua na lini. Orodha hiyo ina kazi hata mtandao ukiwa hai, kwani aliyenunua sare za shule Januari iliyopita anaweza kukumbushwa Desemba, na kumuuzia tena aliyekwisha kuamini hakuhitaji tangazo la kulipia.

Mwishowe, biashara ya ndani ya simu inadaiwa kodi kama ya kwenye fremu ya duka. Kwa Tanzania, jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, na namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo.