Kitabu cha kompyuta cha zamani: Je, bado kinafaa?

Tuseme mwanao anayesoma shule ya upili huko Msambweni amerithi kitabu cha kujifunza kuandika programu za kompyuta kutoka kwa binamuye aliyemaliza shule zamani. Jioni anaketi, ananakili mstari wa kwanza kama ulivyo, na kompyuta inamkatalia. Anajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Ikifika saa nne za usiku, ameshaamua kwamba hana kichwa cha mambo hayo.

Kichwa anacho! Kilichopitwa na wakati ni kitabu. Lugha ya Python, ambayo wanagenzi wengi huanzia siku hizi, ilipata toleo la tatu mnamo Desemba 2008. Katika toleo la pili uliandika neno "print", ukafuatisha maneno yako ndani ya alama za nukuu, basi. Toleo la tatu linataka maneno hayo yatiwe katika mabano. Waliolitunza toleo la pili waliacha kulihudumia tarehe 1 Januari, 2020, lakini vitabu vyake vingali vinapita mkono hadi mkono. Mimi mwenyewe nimewahi kuuziwa kimoja kwa bei ya kipya.

Je, kitupwe? Usiwe na haraka. Kanuni za uandishi hubadilika, lakini namna ya kufikiri ambayo kitabu hicho kinafundisha haibadiliki upesi. Mvuvi wa Diani aliyefunga mashine kwenye mashua yake bado huuliza kama ni kaskazi au kusi. Na mtazame mshona makuti: anakunja jani juu ya ufito, anashona, anarudia hadi ufito ujae. Naye utingo wa matatu ya Ukunda: gari likijaa, ondoka, lisipojaa, ngoja. Kurudia na kuweka sharti vilikuwamo katika Pascal, lugha aliyoiunda Niklaus Wirth wa Uswisi mwaka 1970, na vimo katika Python ya leo.

Kwa hivyo angalia kwanza mwaka wa kuchapishwa na toleo linalofundishwa. Sura za kusakinisha programu, na zile picha za wapi pa kubonyeza, ziruke. Sura za masharti na marudio zisomwe kwa makini, na panapotokea kosa mwanao alinganishe na mwongozo ambao watunzaji wa Python huutoa bure kwenye intaneti.

Na ule mstari wa kwanza? Mwambie atie mabano, kisha ajaribu tena.