Jodari: Samaki Mwenye Misuli ya Joto

Miongoni mwa samaki wa bahari za joto, ni wachache wanaomtoa jasho mvuvi wa mshipi kama jodari mwenye mapezi ya manjano, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Thunnus albacares. Samaki huyu aweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa karibu kilo 200. Je, nguvu zake zatokana na nini?

Samaki walio wengi wana joto sawa na la maji wanamoishi. Damu yao ipitapo katika matamvua kuchukua oksijeni, joto lililotokana na kazi ya misuli hupotea majini. Jodari ameepushwa na hasara hiyo. Mwilini mwake, vishipa vinavyoleta damu baridi kutoka matamvuani vimepangana ubavu kwa ubavu na vishipa vinavyorudisha damu yenye joto kutoka katika misuli. Damu hizo hupishana pasipo kuchanganyika, na joto huhamia katika ile iliyo baridi. Hivyo misuli myekundu iliyo karibu na uti wa mgongo huwa na joto kuliko maji, nayo hufanya kazi kwa nguvu na kwa muda mrefu.

Uwezo huo una gharama. Jodari hupumua kwa kuogelea mdomo wazi ili maji yapite matamvuani. Akisimama, hukosa oksijeni. Kwa hiyo huogelea usiku na mchana, na huhitaji chakula kingi: samaki wadogo, ngisi na kamba.

Katika pwani ya Kenya, wavuvi wa mchezo humfuata kutoka Malindi, Watamu na Shimoni. Akinaswa na ndoana huzama kilindini kwa kasi, na pambano laweza kudumu saa nzima. Mwili wake huzidi kupata joto, basi hupaswa kutiwa barafuni mara atolewapo majini. Akiachwa juani, nyama yake hufanya histamini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Jike hutaga mamilioni ya mayai, walakini wingi huo haumkingi. Mwaka 2015 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, ilithibitisha kwamba jodari huyu amevuliwa kupita kiasi, na mwaka 2016 ikaweka mipaka ya uvuvi. Tathmini ya mwaka 2024 ilimwondoa katika hali hiyo. Hata hivyo, hadhari yahitajika bado: jodari huanza kuzaa afikiapo urefu wa takriban mita 1, na avuliwaye kabla ya hapo hajaacha mbegu baharini.