Kitambi Kilicholetwa na Sindano

Hapa Tanga majirani wakiniona siku hizi hunipongeza. "Mzee, umenawiri! Kumbe ugonjwa umekwisha." Siwalaumu. Wamezoea kwamba mgonjwa wa saratani hukonda, basi akinenepa amepona. Lakini unene wangu si wa kupona, wala si wa pilau. Umeletwa na dawa.

Nina saratani ya tezi dume. Mara nyingi saratani hii hukua kwa kutegemea testosteroni, homoni ya kiume. Charles Huggins, daktari wa Chicago, alilionyesha hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Njia mojawapo ya kuizuia homoni ni kuondoa makende kwa upasuaji. Mimi nilichagua sindano ya goserelini, ninayochomwa tumboni, chini ya ngozi, kila baada ya wiki 12. Dawa hii huichochea mfululizo tezi iliyo chini ya ubongo mpaka tezi hiyo iache kuyaamuru makende yatengeneze homoni. Mwanzoni homoni hupanda kabla ya kushuka, ndiyo maana nilianzishiwa vidonge vya kuizuia isiifikie saratani.

Shida ni kwamba misuli na mifupa nayo huitegemea homoni hiyohiyo. Ikikosekana, misuli hunywea na mafuta huongezeka, hasa katika mwaka wa kwanza. Mimi ni seremala. Ubao wa mninga niliokuwa naubeba begani peke yangu, sasa naita kijana anishikie upande wa pili. Tumbo limetangulia, mikono imepungua, na sikuongeza hata kijiko cha wali. Matiti nayo yamevimba kidogo, yanauma yakiguswa.

Usiku joto hunipanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho likalowesha shuka. Aliyenielewa upesi ni mke wangu, aliyekwisha kupita ukomo wa hedhi. "Baba Asha, joto hilo nalijua," akasema, akafungua dirisha. Hamu ya tendo la ndoa pia imeondoka. Hilo tulizungumza sisi wawili, na wanaume wenzangu nawasihi wazungumze na wake zao mapema, maana ukimya huzaa shaka.

Yasiyoonekana ndiyo yanayonitia hofu zaidi: mifupa kuwa dhaifu, kisukari, maradhi ya moyo. Daktari amenitaka nifanye mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, kwa sababu hayo husaidia kuihifadhi misuli kuliko kutembea peke yake. Nala dagaa kwa ajili ya kalsiamu, na chai nimeipunguzia sukari.

Mwenzangu mmoja wa kliniki aliacha sindano kwa kukionea haya kifua chake. Hakumwambia daktari, na iliniuma, kwa kuwa maumivu ya matiti yana tiba.

Anayetaka kuanza aombe kupimwa uzito, presha na sukari kabla ya sindano ya kwanza, aziandike namba hizo kwenye daftari lake. Asipokuwa nazo, baadaye hatajua lipi limeletwa na dawa na lipi alikuwa nalo.