Mpige Picha Mbwa Wako Akiwa Mbioni

Ndugu mkulima, mahindi yakianza kukomaa, nani huamkia shambani kabla yako? Ni nyani. Na nani humwona kwanza? Ni mbwa wako. Chukua mfano wa Golbanti, karibu na Garsen. Huko mashamba yamefuata mto Tana, na miti ya mtoni ndiyo njia ya nyani na tumbili. Siku mbwa anapochechemea, nyani hujua mapema kuliko mwenye shamba.

Kwa hiyo inafaa umchunguze mbwa wako anavyokimbia. Ikiwa una simu yenye kamera, kazi hiyo unaiweza.

JICHO PEKE YAKE HALITOSHI

Miguu ya mbwa aliye mbioni huenda kasi, jicho haliwezi kuifuata. Hata farasi aliwashinda watu. Mwaka 1878, huko California, Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, farasi akapitishwa mbio. Picha zilionyesha kwamba kuna wakati miguu yote minne huwa haigusi chini. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana tu. Baadaye alipiga picha za mbwa pia.

Sasa fanya hesabu. Mbwa akikimbia kilometa 36 kwa saa, huenda meta 10 kila sekunde. Kamera ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, mbwa amekwisha sogea sentimeta 20, na picha yake itakuwa kama moshi. Ikipokea kwa sehemu moja ya 1,000, husogea sentimeta 1 tu. Ili kamera ifanye haraka hivyo, inahitaji mwanga mwingi.

NAMNA YA KUPIGA

1. Chagua asubuhi, kati ya saa moja na nusu na saa tatu. Mwanga ni wa kutosha, na joto halijamchosha mbwa. Jua liwe mgongoni mwako.

2. Tafuta mahali peupe, pasipo miiba wala mashimo. Usiende ukingoni mwa mto, kwa sababu ya mamba. Wala usimtume mbwa kwa nyani ili upate picha. Meno ya nyani dume yaweza kumuua.

3. Mtu mmoja amshike mbwa. Mwingine, ambaye mbwa anamjua, asimame hatua 30 mbele yake na kumwita.

4. Wewe piga goti kando ya njia, katikati yao, kamera iwe sawa na mgongo wa mbwa. Weka kijiti pale atakapopita. Gusa kioo cha simu penye kijiti hicho na ushikilie kidole, ili kamera ilenge hapo kabla mbwa hajafika.

5. Usimkimbize mbwa kwa kamera. Mngojee. Akikaribia kijiti, anza kupiga picha za mfululizo, na usiache mpaka amepita. Katika picha 20 huenda 3 tu zikafaa; hizo zatosha.

6. Rudia akielekea upande wa pili, ili uone miguu ya kushoto na ya kulia. Kisha mpumzishe na umpe maji.

UTAZAME NINI?

Picha za mbio zitakuonyesha kama kuna mguu anaouinua upesi au asiouweka chini sawasawa. Ukishuku, mwite tena aje kwa mwendo wa kati, si kutembea wala kutoka mbio, maana kuchechemea huonekana zaidi hapo. Mbwa mwenye maumivu katika mguu wa mbele huinua kichwa kila mguu huo unapokanyaga.

Ukishaujua mguu, tazama chini ya wayo na kati ya vidole. Mara nyingi utakuta mwiba, pengine wa mathenge, au ukucha uliopasuka. Angalia sana: hata mbwa mpole huuma akiguswa penye maumivu. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa muda mfupi, toa mwiba, osha kidonda kwa maji safi. Mguu ukiwa umevimba, au asipopata nafuu, mwone Bwana Mifugo, umwonyeshe na picha zako. Siku hiyo hiyo muulize kama mbwa wako amekwisha pata chanjo ya mwaka huu ya kichaa cha mbwa.

Usizifute picha nzuri. Mpige tena baada ya mwezi, uzilinganishe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwiba mmoja usiotolewa leo waweza kukugharimu mistari mingi ya mahindi wakati wa kuvuna.