UZI: Mbona unaruhusiwa kupeana figo lakini si kuiuza?

Nyote mmesikia ule mzaha: iPhone mpya imetoka, nani ananunua figo? Hata mimi nimeucheka. Halafu Aprili 2025 zikaja habari za Eldoret, vijana wakidaiwa kuuza figo, Wizara ya Afya ikasimamisha upandikizaji katika hospitali moja. Wiki hiyo kijana tuliyesoma naye sekondari akaniuliza, bila kucheka: "Kwani ni kosa? Si mwili ni wangu?"

Kwenye midahalo huwa inaenda hivi: mmoja anasema mwili ni mali ya mwenyewe, mwingine anasema Biblia imekataza, makofi, basi. Sababu haielezwi. Wacha nijaribu.

Wengi tuliolelewa kanisani tumehubiriwa roho, roho, roho, hadi tukadhani mwili ni ganda tu, kama la ndizi. Hiyo si imani ya Kikristo. Kanuni ya Imani inataja ufufuo wa mwili. Mungu wa Wakristo alizaliwa, akala, akaumia. Na Paulo aliwaandikia Wakorintho, baadhi yao wakiona yanayofanywa na mwili hayahusu imani, kwamba mwili ni hekalu na wao si mali yao wenyewe. Yaani humiliki mwili vile unavyomiliki simu. Mwili ni wewe. Ukiuza figo, umejiwekea bei wewe mwenyewe.

Kupeana ni kitu kingine. Agosti 2000, Papa John Paul II aliwaambia wataalamu wa upandikizaji huko Roma kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo, ila kukigeuza bidhaa ni kuvunja utu. (Na wewe unayeogopa kufufuka na figo moja: Agostino alishashughulikia swali la waliotafunwa na wanyama, karne ya 5. Tulia.)

Sasa, Kenya si ya Wakristo peke yao. Kwa hivyo Sheria ya Afya ya 2017 haitaji Paulo popote, lakini ukitoza pesa kwa kiungo ni kosa: faini hadi shilingi milioni 10, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Hapo nyuma kuna Kifungu cha 28 cha Katiba, kinacholinda utu wa kila mtu. Muislamu, Mhindu na asiyeamini chochote wanaweza kukitetea bila kufungua Biblia.

Kinachonikera ni hii hoja kutupiwa muuzaji pekee. Anayeuza figo huwa hana karo au ana deni, na "hiari" yake imetoka hapo. Akirudi nyumbani na kovu, ni nani atamlipia vipimo baada ya miaka mitano? Kama mwili ni hekalu, basi njaa nayo inalibomoa.

Nilimweleza yule kijana haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wanaonunua, wao huhubiriwa wapi?"