Moshi na Mlio wa Injini: Dalili za Kukagua Kabla ya Kununua Gari Lililotumika

Ukaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa magari yaliyotumika hufanyika yanapoingizwa nchini. Haumhakikishii mnunuzi hali ya injini iliyokwisha kutembea miaka kadhaa barabarani. Mwananchi anashauriwa kukagua injini ikiwa bado ya baridi, kwa kuwa iliyowashwa mapema huweza kuficha dalili.

Moshi wa buluu huashiria oili inayoungua ndani ya silinda, aghalabu kutokana na kulika kwa ringi za pistoni. Moshi mweusi katika gari la petroli humaanisha mafuta yamezidi hewa. Chanzo chaweza kuwa chujio la hewa lililoziba, ambalo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Mvuke mwepesi mweupe wakati wa asubuhi ni wa kawaida. Ukiwa mzito na usikome injini ipatapo moto, huenda maji ya rejeta yanapenya kwenye silinda kupitia gasketi iliyoungua.

Mlio wa kugonga unaoongezeka kadiri mafuta yanavyokanyagwa huweza kusababishwa na beringi zilizolika. Taa ya oili ikiwaka pamoja na mlio huo, injini izimwe mara moja, na malipo yasifanyike kabla fundi mwenye ujuzi hajaikagua.