Je, Wajua Mng'ao wa Rimu ya Kromi Unatoka Chini Yake?

Chuchumaa mbele ya rimu ya kromi iliyotoka kuoshwa. Utaona uso wako, mawingu nyuma ya kichwa chako, hata mtu anayepita ng'ambo ya barabara. Wengi wetu huamini kioo hicho ni chuma kinene kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, kwa hiyo kikififia kidogo tu tunakimbilia kukisugua tena. Hapo ndipo tunapokiua.

Kromi ya rimu ni utando. Kwa kawaida unene wake hauzidi nusu ya mikroni, ilhali unywele mmoja wa kichwani una takriban mikroni 70. Ungebandika tando kama 140 moja juu ya nyingine ndipo ukaribie unene wa unywele. Tena kinachokupa kioo ni nikeli iliyo chini ya utando huo, tabaka nene zaidi mara nyingi, na kwenye rimu za aluminiamu mara nyingi kuna shaba chini ya nikeli. Nikeli ina kasoro moja: ikiachwa wazi hufifia na kupata ukungu wa manjano. Kwa hiyo hufunikwa kwa kromi, ambayo ni ngumu, ina weupe wenye dalili ya buluu, na ikikutana na hewa hujivika ngozi ya oksidi isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe. Utando wa kromi wenyewe haujirudishi.

Kromi iligunduliwa na Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin mwaka 1797, ndani ya madini mekundu yaliyotoka Siberia. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, nayo ndiyo inayoipa yakuti nyekundu wekundu wake na kuitia zumaridi ukijani. Magari yalianza kuvishwa kromi kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1920: chombo kinatumbukizwa kwenye tangi la kemikali, umeme unapitishwa, na madini yanajibandika juu yake.

Utando huu mgumu una nyufa ndogo mno, na maji yenye chumvi huzijua. Yakipenya hadi kwenye nikeli, umeme mdogo wa kikemikali huanza kati ya madini hayo mawili, na anayeliwa ni nikeli. Inashangaza kwamba baadhi ya viwanda hutengeneza kusudi vitundu vidogo vingi kwenye kromi: tundu likiwa moja, ulaji wote huchimba hapo hadi chini, yakiwa maelfu, ulaji hugawanyika na kupungua nguvu. Sisi wa Pwani, ambao upepo wa bahari hutuletea chumvi hadi mlangoni, tungefaa kulijua hili kuliko wote.

Adui mwingine hutoka kwenye gari lenyewe. Kila ukikanyaga breki, pedi na diski husagana na kurusha vumbi jeusi lenye chembe za chuma, zikiwa za moto. Hujibana kwenye rimu, zikipata unyevu huota kutu, na mtu huona madoa ya kahawia akadhani rimu imeoza. Mara nyingi ni kutu ya vumbi tu, na rimu bado nzima.

Basi anayeosha huchukua nini? Nimeona stilwaya la masufuria, nimeona dawa ya kusafishia choo. Stilwaya hukwaruza na kuacha vipande vya chuma vitakavyoota kutu kesho. Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo huyeyusha kromi. Rimu hung'aa siku hiyo, mwenye gari akafurahi, na miezi michache baadaye panatokea baka la manjano hafifu karibu na nati. Lile baka ni nikeli. Utando umekwisha pale.

Njia salama ni ya upole. Subiri rimu ipoe, kwa sababu kwenye chuma cha moto sabuni hukauka na kuacha alama. Mwagia maji mengi kwanza ili mchanga uondoke kabla sponji haijagusa. Tumia maji ya sabuni ya kuoshea gari, brashi laini, na ndoo isiyotumika kwa bodi. Osha rimu moja, suuza, kisha nenda nyingine. Usisahau upande wa ndani, maana vumbi la breki hulala huko. Kausha kwa kitambaa, upake nta ya gari. Madoa ya kutu yaliyo juujuu, chovya kipande cha karatasi ya aluminiamu ndani ya maji, kikunje, usugue taratibu: aluminiamu ni laini kuliko kromi. Dawa za kung'arishia aluminiamu tupu ziache, nyingi zina chembe za kusaga.

Kromi ikishabanduka, hakuna dawa ya chupa inayoirudisha. Rimu itavuliwa tabaka zote na kuvishwa upya tangini, kwa gharama kubwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamkabidhi kijana wa kuosha gari ufunguo, muulize chupa yake ina nini.